Umekula Nini?

Wangare alikuwa anamenya nduma ya kuchemsha ya chakula cha mchana Jackie, mwenzake wa kazi, alipochungulia chumba cha kupimia macho.

"Wanga, wacha hiyo nduma kwanza. Kuna mathe, mama mtu mzima, amekuja kupimwa. Na nje, ng'ambo ya barabara, kuna mtu wako."

"Mtu wangu gani?"

"Ule wa ngano. Kwani uko na wangapi?"

Kisu kilimponyoka. Alirudisha nduma ndani ya kikopo chake cha kifuniko chekundu, kile ambacho hakuna mtu mwingine dukani anayeruhusiwa kukigusa, akakifunga vizuri, kisha akanawa mikono. Vile alivyonawa ungedhani anaenda kupasua mtu. Kumbe alikuwa anatafuta nafasi ya kupumua. Halafu akasogeza pazia kidogo.

Duka hilo la miwani lina kioo kikubwa upande wa barabara, na fremu zimepangwa juu yake kama ndege kwenye waya. Katikati ya fremu hizo alimwona. Kimeli alikuwa ameegemea pikapu ya nyumbani kwao, ile ya buluu yenye mlango mmoja wa kijani. Shati lilikuwa jeupe kwa vumbi la ngano. Makapi yalikuwa kwenye nywele, kwenye kola, hata kwenye nyusi, kwa maana ulikuwa msimu wa kuvuna na ilionekana ametelemka kutoka juu ya kombaini akaja moja kwa moja. Alikuwa amekonda. Shingo imekuwa ndefu. Alikuwa anaangalia mlango wa duka kama ndama aliyefungwa anavyomwangalia mama yake akikamuliwa.

Macho yao yakakutana. Kimeli alinyanyua mkono, ukafika kifuani, ukarudi mfukoni.

"Si aingie," Jackie alisema. "Jua linamchoma bure."

"Hawezi. Ana vumbi."

"Vumbi ni nini? Hata mimi niko na vumbi."

Wangare aliacha pazia wazi kidogo vile vile. Kuna mambo ya watu wawili ambayo ukimweleza wa tatu yanakuwa madogo.

Wacha nieleze kidogo, ili msomaji asibaki nyuma.

Wangare ni mtoto wa mtaa wa Section 58 hapa Nakuru, amelelewa na cucu, yaani nyanya yake. Tangu utotoni alikuwa mwembamba, tumbo limejaa kama ngoma, damu haimtoshi mwilini. Akila mkate au mandazi, kesho yake alilala kitandani kama nguo iliyokamuliwa. Cucu alimpa dawa ya minyoo, akamchemshia mizizi, akamwombea. Haikusaidia. Alipokuwa chuoni ndipo daktari mmoja mwanamke alimpima vizuri akampa jina la ugonjwa: siliaki. Akamweleza kwamba ndani ya ngano na shayiri kuna kitu ambacho tumbo lake linakiona kama adui, na likipigana nacho linajirarua lenyewe. Dawa yake ni kuacha. Si kupunguza, kuacha kabisa, hata vumbi lake.

Tangu siku hiyo Wangare ana sufuria yake, mwiko wake, na kikaango chake ambacho cucu amekifunga uzi mwekundu kwenye mkono ili asisahau. Chipsi za mjini anazipita mbali, kwa sababu mafuta ni yale yale yaliyokaanga mandazi asubuhi. Soseji anasoma karatasi yake kwanza. Akialikwa mahali anakula nyumbani kabla hajatoka. Kwenye harusi wenzake wakilishana keki, yeye anashika ndizi. Hata kwenye meza ya Bwana anapitisha mkate na kupokea kikombe peke yake, na kuna mama fulani kanisani anayedhani ana dhambi iliyofichika.

Basi msichana kama huyo, Mungu akamletea nani? Kijana wa ngano.

Kimeli alikuja dukani kapi likiwa limemkwaruza jicho. Wangare alimkalisha, akamwinamia na taa, akasema, "Niangalie mimi, usiangalie ukuta."

"Nikikuangalia wewe, hili jicho litatoa machozi zaidi," Kimeli alisema.

Ndivyo yalivyoanza. Na siku ya kwanza Kimeli alipotaka kumbusu, huko mashambani Njoro kando ya ua wa misipresi, Wangare alimwekea kiganja kifuani. "Umekula nini?"

"Chapati. Kwani nanuka?"

Akamweleza, akiogopa, kwa sababu kuna wengine aliowaeleza wakacheka na wengine wakaaga. Kimeli alisikiliza mpaka mwisho. Akarudi nyuma hatua moja. "Basi leo hapana," alisema. "Kesho nitakuja nimekula viazi." Na kesho yake alikuja, na kabla hata ya salamu akasema, "Viazi." Tangu hapo wengine wakiambiana nakupenda, hawa wawili walikuwa na neno lao. Umekula nini? Wangare angeliuliza kwa sauti ya chini, na jibu likiwa zuri, angefumba macho.

Shida ilikuja siku alipopelekwa nyumbani kwa kina Kimeli. Mama yake, Chepkemei, mjane anayesimamia shamba mwenyewe, alimpikia mgeni chapati. Na si chapati za haraka. Alikanda unga kwa maziwa, akauacha ulale chini ya kitambaa, akasukuma, akapaka samli, akakunja kama konokono, akasukuma tena. Zilipangwa kwenye sinia, laini, zinatoa moshi. Wangare aliogopa kumvunja mama wa watu moyo. Badala ya kueleza, akasema, "Nimeshiba, mama."

Kimeli akataka kumsaidia. "Mama, usimlazimishe. Ako na ugonjwa wa ngano."

Sasa, kwa mkulima wa Njoro, ugonjwa wa ngano ni kutu. Ile kutu nyekundu inayopanda kwenye bua, ukipita shambani inakushika kwenye suruali, na kabla hujavuna umebaki na makapi. Mama Kimeli alielewa hivyo, akafunika sinia. Na kwa bahati mbaya kutu ilionekana msimu huo huo, na ikaonekana shamba la chini, pale pale Kimeli alipokuwa amemtembeza mpenzi wake jioni.

"Nyumba hii imejengwa na ngano," mama alimwambia mwanawe. "Wewe umesoma na ngano. Msichana ambaye ngano imemkataa hawezi kuingia hapa. Usimwone tena."

Kimeli alimwandikia Wangare ujumbe mmoja tu. *Nipe muda, Wanga. Mama hajapoa.* Wangare akampa muda. Ngano ilikuwa kijani wakati huo. Sasa ilikuwa inavunwa.

Huyo mathe aliyekuja kupimwa alikuwa mama Kimeli mwenyewe, na sasa amesimama mlangoni, kitambaa kichwani, kikapu mkononi.

"Chamgei, mama," Wangare alisalimia. Salamu hiyo ya Kikalenjin alifundishwa na Kimeli.

Mama Kimeli hakuipokea. "Nimekuja macho," alisema. "Sikuja salamu."

"Karibu uketi."

Aliketi, kikapu magotini, mgongo wima. Wangare alimvalisha ile fremu nzito ya kujaribia vioo, akairekebisha puani, akachukua rula ndogo ya kupimia umbali wa macho. Na hapo ilimbidi aseme maneno yale yale.

"Niangalie mimi, mama. Usiangalie ukuta."

Mama akamwangalia. Wangare akasahau rula. Yale yalikuwa macho ya Kimeli, kahawia iliyokolea katikati na kuwa kama asali pembeni, kope zilizolala kidogo. Miezi hii yote alikuwa akijaribu kuyakumbuka yakimponyoka, na sasa yalikuwa mbele yake, kwenye uso wa mtu asiyempenda.

"Unapima ama unanitazama?"

"Napima, mama. Samahani." Akaweka kioo cha kwanza, akampa kadi ya kusoma. "Hivi ni afadhali? Ama hivi?"

"Hivi. Wewe msichana."

"Eeh, mama."

"Ulimfanya nini mtoto wangu?"

Kioo kikabaki mkononi. "Sijamfanya kitu, mama. Hata hatujaonana."

"Mtoto wangu hali chapati. Tangu ile siku ulikuja. Hali mkate, hali mandazi. Chai ya asubuhi anakunywa na viazi kama mtu wa hospitali. Vijana wa kombaini wakipelekewa chapati na maharagwe, yeye anatoa viazi mfukoni. Mfukoni! Nilifikiri ni hasira. Hasira inaisha. Hii haiishi, na amekonda, umemwona. Nikasema, ule msichana amemwambukiza. Nimemwambia anilete mjini macho, lakini nimekuja nikuulize wewe. Kama kuna dawa, unipe. Sitapiga kelele."

Sauti ilikuwa kali mpaka hapo mwisho, kisha ikapasuka kidogo, na Wangare akaona kwamba mama huyu hajalala vizuri siku nyingi. Alirudisha kioo kwenye sanduku lake. Kifuani mwake kitu kilikuwa kinafunguka polepole. Viazi. Miezi yote Kimeli hajamwona, hajampigia, hajui kama atamwona tena, na kila siku anakula viazi.

"Hauambukizi, mama," alisema mwishowe.

"Na kutu? Si ilishika shamba la chini, pale ulipita?"

"Kutu ni ya mmea. Mimi ni mtu. Ugonjwa wangu uko tumboni. Nikila ngano, hata kidogo, tumbo linajiumiza, damu inapungua, nalala. Nimezaliwa nao. Siwezi kumpa mtu, na siwezi kuupa shamba."

"Basi kwa nini hali?"

"Kwa sababu yangu."

"Yako vipi? Hulali kwetu. Hupiki kwetu. Akila chapati kule Njoro, tumbo lako la Nakuru linajuaje?"

Wangare alitazama viatu vyake. "Mama, akiwa amekula ngano, siwezi kumkaribia."

"Kumkaribia vipi?"

"Kumkaribia tu."

"Si hata mimi nimekula, na uko hapa karibu."

"Sio hivyo, mama. Kumkaribia..." Alihisi masikio yakiwaka moto. "Mdomo, mama."

Nyuma ya pazia Jackie alikohoa kama aliyemeza nzi.

Mama Kimeli alimkodolea macho, fremu ile kubwa imemkalia usoni kama bundi. Wangare akangoja kufukuzwa. Badala yake aliona mabega ya mama yakianza kutikisika, kisha kikapu, kisha mama mwenyewe akainama mbele akicheka bila sauti, machozi yanapita chini ya vioo.

"Wei! Na mimi nimempeleka kwa mchungaji akaombewa!" Akajipangusa na kona ya kitambaa. "Na mmeonana? Niambie ukweli."

"Hatujaonana. Ulimkataza."

"Nilimkataza. Na akatii."

"Alitii, mama."

"Akatii, lakini mdomo wake akakuwekea." Kicheko kikamwisha. Akageuka kutazama kioo cha mbele, pale ng'ambo ambapo mwanawe alikuwa amesimama juani, makapi kichwani. "Nimemwambia aingie akakataa. Nikajua ni kiburi."

"Ni vumbi, mama. Anaogopa kuniletea."

Mama alitazama muda mrefu. Kisha akasema bila kugeuka, "Lakini chapati zangu ulizikataa. Kwetu, mtu akikataa chakula chako amekuita mchawi bila kufungua mdomo."

"Nilisema nimeshiba. Ule ulikuwa uongo." Wangare alikuja mbele akapiga magoti ili nyuso zao ziwe sawa. "Mama, siku ile nilikuwa na njaa ya kulia. Unajua ni muda gani sijaonja chapati? Uliponifunulia lile sinia, ile harufu ya samli, nilitamani hata nizikumbatie. Kama ningekula ningefurahi jioni hiyo, na wiki nzima cucu angekuwa ananigeuza kitandani. Nilitaka unipende, nikaogopa kusema. Makosa yangu ni hayo."

Mama alimwashiria ainuke. Aliingiza mkono kwenye kikapu, akatoa mfuko wa karatasi, akaufungua. Ndani kulikuwa na wimbi alilonunua sokoni asubuhi. Alimimina kiasi cha kiganja juu ya kitambaa cheupe mezani.

"Na hili?"

"Wimbi naweza. Kama halijachanganyika na ngano."

"Tunasaga mashine moja. Ngano, mahindi, wimbi, zote."

"Basi hilo siwezi, mama."

"Hata mashine ikipanguswa?"

"Hata ikipanguswa. Vumbi linabaki."

"Huyo Ngai, Mungu wenu, amekuumba na masharti," mama alisema, na Wangare hakujua kama anatukanwa ama anataniwa. "Kuna jiwe la kusagia la mama yangu. Kuku wanalalia siku hizi." Akafikiri. "Litaoshwa."

Wangare akafungua mdomo.

"Nyamaza. Sijasema nimekubali. Nimesema nitasaga." Akajirekebisha kwenye kiti. "Ondoa hiyo kadi yako. Herufi sizitaki. Mimi nataka kuona punje. Siku hizi napepeta na kuchagua kwa vidole tu, macho hayanisaidii. Weka kioo kingine."

Wangare akaweka.

"Bado. Ni kama mchanga."

Akaweka kingine. Mama akainama mpaka pua ikakaribia kugusa meza, akarudi nyuma, akaanza kutandaza wimbi kwa kidole, kidogo kidogo, punje nyekundu nyeusi zikigawanyika kama watu wanaopisha njia.

"Hapo," alisema. "Usitoe hicho."

Kidole kikasimama. Akabana kitu kwa kucha, akakinyanyua kwenye mwanga. Ilikuwa punje moja ya ngano, ya rangi ya asali, imepotelea sokoni katikati ya wimbi. Wangare bila kupenda akavuta mkono nyuma.

"Inakuuma hata ukiigusa?"

"Haiumi mkononi. Ni mazoea tu."

"Moja hii?"

"Hata hiyo moja."

Mama Kimeli aliitazama punje ile kama mtu anayemtazama mtoto wake mwenyewe aliyeshtakiwa na jirani. Kisha akaiweka mbali, kwenye pembe ya meza, peke yake. "Nimeiona," alisema. "Miwani iwe hiyo."

Alipovuliwa fremu alikusanya wimbi lake, akafunga mfuko, akasimama. Wangare akapangusa meza kwa kitambaa chenye maji. Mama akamwangalia akipangusa, kila pembe, na safari hii hakuudhika.

"Itakuwa tayari lini?"

"Ijumaa, mama."

"Mimi Ijumaa niko shambani. Nitatuma mtu." Akajikohoza. "Atakuwa ameoga."

Alitembea mpaka mlangoni. Wangare alimfuata kwa heshima, akasimama nyuma ya kioo. Mama alishuka ngazi moja, akaweka kikapu chini, akaweka mikono kiunoni, na kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka upande wa pili wa shamba, akapaza:

"Kimeli! Umekula nini?"

Mwenye kibanda cha matunda akageuka. Askari wa duka jirani akageuka. Kimeli alisimama wima kama aliyepigwa na umeme. Neno hilo, katika dunia hii, lilikuwa la mdomo mmoja tu. Alimtazama mama yake, kisha polepole, juu ya bega la mama, akamtazama Wangare. Na Wangare akamwona anaelewa. Ilianzia machoni, ikashuka mdomoni.

"Viazi," alisema.

"Sisikii!"

"Viazi, mama! Viazi tu!"

"Basi twende nyumbani." Mama akachukua kikapu. Lakini kabla hajavuka aligeuka kwenye kioo, akamwangalia Wangare kwa yale macho ya asali. "Chamgei mising," alisema, jibu la salamu lililokuwa deni tangu alipoingia, na akavuka barabara.

Kimeli alimfungulia mlango ule wa kijani, akamwingiza, akafunga. Hakuzunguka upande wa usukani. Alibaki barabarani, na kati yao kulikuwa na lami, kioo, na vumbi la shamba zima. Wangare alibandika kiganja kwenye kioo. Kimeli, bila kutoa sauti, akaumba maneno kwa midomo tu.

Na wewe?

Wangare alikimbia ndani, akarudi na kikopo cha kifuniko chekundu, akakifungua, akanyanyua nduma iliyomenywa nusu ili aione. Kimeli akacheka. Alicheka mpaka makapi yakamwanguka kichwani, na mama akanyoosha mkono kutoka kiti cha pili akabonyeza honi.

Pikapu iliondoka ikielekea Njoro, na Wangare alisimama hapo mpaka ule mlango wa kijani haukuonekana tena.

"Ijumaa ni kesho kutwa," Jackie alisema nyuma yake, taratibu, bila utani.

"Najua. Ni mbali sana."

Alipoketi kumalizia nduma yake ilikuwa imepoa. Aliila polepole, kipande kwa kipande, kama mtu anayekula na mwenzake.